Jina la Mwalimu Wake

Bibi niliyekuwa nikimhudumia Wembley aliwahi kuwa mcheza ngoma katika kasri la mfalme, huko kwao Kambodia. Mimi nilikuwa kea wake: nikimwogesha, nikimpa dawa, nikimpikia uji wa mchele mwepesi kama maji, na bado akiulalamikia. Aliniita binti. Binti gani mwenye wajukuu! Lakini sikumkatalia. Katika mji huu hapakuwa na mwingine wa kuniita hivyo.

Mwaka ule alianza kusahau. Leo kaacha birika kwenye moto, kesho anauliza mumewe kaenda wapi, na mume keshazikwa zamani. Ndipo akaja msichana mmoja kutoka Ilford, upande wa pili wa mji, wazazi wake watu wa kwao Bibi, aliyekuwa akiwarikodi wacheza ngoma wazee kabla hawajatutoka. Wengi wao waliuawa au walikufa kwa njaa ilipoingia ile serikali ya mauaji, na ngoma zao zikabaki kwa wachache waliosalimika. Msichana mwenyewe alikuwa na adabu zake. Lugha yao aliisikia, ila akijibu kwa Kiingereza, kama wanangu na Kiswahili.

Asubuhi ya kurikodiwa, Bibi alitaka kitambaa chake cha hariri, kile kilichokaa sandukuni. Nikamfunga kiunoni.

"Mwalimu wangu hana kaburi, binti," akaniambia. "Walimchukua, basi. Leo nitamweka kwenye kamera, asipotee."

Alianza vizuri, kwa Kiingereza chake cha kubangaiza. Akaeleza alivyopelekwa kasrini angali mtoto, yeye na wenzake wakiamshwa alfajiri kunyoosha viungo, na mwalimu akiwakunja vidole kwenda nyuma mpaka vikubali. Msichana akatabasamu, akauliza swali ambalo yeyote angeliuliza.

"Huyo mwalimu aliitwa nani?"

Bibi akanitazama mimi, kana kwamba jina nimemfichia chini ya mto.

"Taratibu tu, Bibi," msichana akasema. "Litakuja."

Nilipandwa na hasira. Nikajua ni yale maradhi ya kusahau, na nikaona anaaibishwa mbele ya hilo dude. Nikamwambia msichana azime. Bibi akaninyamazisha kwa mkono.

"Sikusahau," akasema. "Sikulijua kamwe. Kwetu mwanafunzi hamtaji mwalimu wake kwa jina. Tulimwita Mwalimu. Na waliolijua wote wamekufa."

Akalia. Nami nikalia, maana nilimwelewa kuliko alivyodhani. Bibi yangu wa Pemba, aliyenilea, jina lake kamili nililisikia siku ya maziko yake, lilipotangazwa msikitini. Mpaka siku hiyo kwangu alikuwa Bibi tu, na nani angethubutu kumuuliza? Lakini mimi nilikuwa na msikiti wa kunitangazia. Mwalimu wa huyu hakuwa na hata mtu wa kumfunika shuka.

Nikampangusa uso. Nikamuuliza tu, "Alikuwaje, Bibi?"

"Lete mkono."

Nikampa. Akavishika vidole vyangu vinne akavisukuma nyuma. Nikapiga ukelele.

"Bibi, utanivunja!"

"Nyamaza. Yeye hakupenda kelele."

Mikono ile ilikuwa ikimwaga uji kila asubuhi kwa kutetemeka. Sasa ilitulia. Akanigonga kiwiko, akakiinua. Akanibana mabega. "Hapa alikuwa akisonya," akasema, akasonya. "Ukipatia, hasemi kitu, anakuvutia pumzi sikioni tu." Akanivutia pumzi sikioni. Vidole vyangu, vilivyokakamaa kwa miaka ya kukamua matambara, vilikuwa vimepinda kidogo kama jani changa. Haikuwa ngoma, nisijisifu. Msichana alikuwa amesogea karibu na kamera yake, machozi yanamtiririka, hapangusi.

Hatimaye akamuuliza Bibi kwa lugha yao, kwa kusitasita, mara yangu ya kwanza kumsikia akiisema. Sikuhitaji mkalimani, alikuwa akionesha kwenye daftari lake mahali pa kuandika jina la mwalimu.

Bibi alinigeukia mimi, niliyekuwa nikiusugua mkono.

"Unauma?"

"Unauma, Bibi, tena sana."

"Basi yupo," akasema.