Nilimwumika Farasi Aliyekwisha Kutibiwa

Mkosa ni mimi. Si daktari, si sindano yake. Mimi! Naandika huku naketi, nainuka, naketi tena. Tangu Rihani afe sijui kutulia.

Rihani alikuwa farasi jike wa Mama Halima, akipandwa na wageni ufukweni Galu, nami mtunzaji wake. Alinijua kwa kikohozi. Masomo yangu yaliishia darasa la pili, mwalimu wetu alikuwa na fimbo ya mkwaju, basi tu... hayo tuyaache.

Goti lake la mbele likavimba, asubuhi akawa anachechemea. Mimi nikasema baridi yabisi. Mama Halima akamwita daktari wa mifugo, binti wa bara, mwenye adabu zake, shikamoo haimpiti. Akasema ule utando laini baina ya mifupa umelika. Akamtoa damu shingoni, akaizungusha kwenye mashine, akayachukua yale maji ya rangi ya samli yaliyojitenga, akayadunga gotini.

Sasa mimi, ndugu zangu, kazi ya wazee wangu ni kuumika. Unachanja, unabandika pembe, unafyonza damu chafu. Inatoka, inamwagwa! Kurudishwa mwilini? Sijapata kuona!

"Mwanangu, damu iliyokwisha kutoka si takataka hiyo?"

"Hapana, mzee. Ni yake mwenyewe, na ndani yake mna vya kukisaidia kiungo. Hakitakuwa kipya, lakini huenda maumivu yakapungua. Goti litajaa kidogo siku mbili tatu, msihofu. Apumzike, na lisiguswe."

"Mimi nimeumika nusu ya Msambweni!"

"Na nusu nyingine ilikukimbia?" Mama Halima akanitania. Wakacheka. Nikacheka nao, lakini lilinichoma.

Kesho yake, Ijumaa, goti lilikuwa limejaa. Nikajiambia, ndiyo hiyo damu chafu! Wenzangu walipokwenda msikitini, mimi nikabaki. Hebu ona, dhambi juu ya dhambi! Nikatwaa wembe na pembe. Rihani akasimama tuli, akinipumulia kisogoni. Alidhani namkanda!

Jumamosi goti likawa moto. Jumapili hakukanyaga. Mama Halima akauliza zile chale, nikasema amejikwaruza kwenye seng'enge. Nikapaka mafuta ya habasoda, nikaomba dua. Kila kitu nilifanya isipokuwa kusema.

Jumatatu daktari akaja, akavuta usaha gotini. Akanitazama.

"Mzee, nani aligusa hapa?"

"Wallahi sijui."

"Mngeniita Jumamosi ningeliosha goti, pengine angepona. Sasa mfupa umeharibika."

Akamdunga ya mwisho, asiteseke zaidi. Mama Halima, machozi yanamtoka, akamfukuza: "Ondoka na sindano zako chafu!" Nami nimeshika kamba. Ya Rabi!

Leo asubuhi nimemweleza Mama Halima yote. Hakunitukana, na heri angenitukana. Alisema tu, "Baba, nenda ukamwambie yule binti." Nimevaa kanzu tangu saa mbili, na mlango sijaupita. Lakini nitakwenda.

Nyinyi mnaofuga, farasi, punda, hata mbuzi mmoja: tiba usiyoielewa, iulize mpaka wakuchoke. Na mkono wako ukikosea, sema saa ileile, mnyama angali na mguu wa kukanyagia!