Simu Imelia Leo Dukani

Leo simu yangu imelia kwa mara ya kwanza, na duka zima likapiga makofi.

Niaje wasee. Niko saiba, nawaandikia kwa kompyuta ya kukodi.

Hiyo simu niliinunua pale karibu na Soko la Toi ili mzee wangu anipigie kutoka nyumbani, Kakamega. Alikuwa mgonjwa. Namba nilimtumia kwa barua. Msichana wa duka akaniambia laini itawashwa kesho.

Kila nikirudi, ni kesho.

Wiki jana niko hotelini hapa mtaani kwetu, 46, chai mkononi, redio ikaanza matangazo ya vifo. Ikasoma jina la mzee wangu. Halafu ikasoma langu: "Baba yake Wafula wa Nairobi."

Hivyo ndivyo nilivyojua. Hoteli nzima ilijua pamoja na mimi.

Jumamosi tulimzika. Leo nikaenda kurudisha simu yao. Nilikuwa nimejipanga kupiga kelele, si mnanijua.

Kabla sijafungua mdomo, msichana akaichukua, akabonyezabonyeza, akaipigia kwa simu ya duka.

Ikalia. Makofi.

"Nataka pesa zangu," nikasema.

"Boss, sasa si imeshika? Pesa za nini tena?"

Akaninyooshea simu, anacheka kwa furaha. Alikuwa anakumbuka kila nilichomwambia.

"Haya, sasa mzee wako akupigie!"

Nyinyi mngemjibu nini?

Mimi nilisema asante, nikatoka nayo.