Shangazi Debora na Saa ya Ulaya

Sisi tuliokuzwa na baridi ya Njombe, tuliokwenda shule peku juu ya umande ulioganda, viazi vya moto mfukoni, hatukungoja simu ituambie kama kuna baridi. Vijana wa leo huangalia kioo kwanza, ndipo watetemeke.

Ila ushamba haukuanza nao. Shangazi yangu Debora, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa usharika, alialikwa Ulaya wiki chache, akarudi na mambo mawili. La kwanza, kushona kwa cherehani mablanketi ya viraka yenye pamba katikati, kwa mitindo ya nyota na pembetatu. La pili, kule majira yakibadilika watu husogeza saa mbele, eti jua lisipotee bure. Basi akapanda kiti, akaisogeza saa ya ukutani ya ukumbi wa usharika kwa saa nzima. Njombe hiyo, mwezi wa sita, ambapo jua huja kama mkaguzi: kwa nadra, tena halikai!

Mama yangu, naye wa kikundi hicho, akauliza, "Jogoo naye ameshaambiwa?"

Wenzake wakacheka chini chini. Shangazi hakucheka.

Nyota zilimshinda Mama. Kila ncha ilimezwa na mshono. Akaziacha, akashona mistari ya kupindapinda kama matuta ya viazi mlimani.

"Huo si mtindo, ni shamba," Shangazi akamwambia mbele ya wote.

Ilimuuma Mama. Alikwisha kuchoka kuchuma chai ya watu kwenye ukungu, na Mzee Salumu, mfanyabiashara wa Makambako, aliahidi kuja saa nne kumchagua wa kumshonea mablanketi ya madereva wa malori.

Siku ikafika. Saa ya ukutani ikasema saa nne, mzee hayupo. Shangazi akangoja kidogo, akafoka, "Waswahili hatujui muda!" Akafunga ukumbi, akaondoka na wenzake na nyota zao. Mama akabaki barazani, blanketi magotini, mimi na dada yangu tumejikunyata chini yake.

Saa nne ya kweli, lori likaingia.

"Kamwene, mama. Wenzako wako wapi?" Mzee akalipapasa blanketi, akaivuta mishono, akajifunika palepale. "Hili halifumuki. Nishonee mengine."

Shangazi akaja mbio, anahema. "Mzee, kwa saa ya kisasa umechelewa!"

"Basi wauzie wenye saa hiyo."

Mama hakurudi tena kwenye chai. Shangazi aliirudisha saa kimyakimya, na baadaye tukasikia anafundisha matuta ya Mama usharika wa jirani, akiyaita mtindo wa Ulaya.

Leo Mama hayupo. Wanangu wanaishi Makambako, wanalala chini ya mablanketi ya dukani, laini kama paka. Yana joto kuliko yetu, sitasema uongo. Lakini sisi tukijifunika tulijua ni mkono wa nani. Juzi niliwauliza, "Haya kashona nani?"

 Mkubwa akageuza pindo, akanisomea lebo.