Mivumu ya Mama Mapendo

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa shoka lisilo na mpini. Kapita, yaani mtu wetu aliyepokea amri za Mzungu na kutufikishia, aliniambia, "Muntu wa kazi anajichongea mupini. Enda mu pori, utafute muti ya nguvu." Hivyo ndivyo nilivyoingia kazi ya kukata miti, karibu na Bihambwe, huko Masisi, miaka ya arobaini ikielekea mwisho.

Nyinyi vijana wa mashine hamjui kazi ile. Tulianza kwa kufyeka vichaka chini ya mti, ili mtu apate njia ya kukimbilia. Kisha tulikata mdomo, ndilo pengo la upande ambao mti utaangukia. Halafu watu wawili walivuta msumeno kutoka upande wa nyuma. Mwenzangu wa msumeno alikuwa Bauma, mtu wa Walikale, mpole, asiyependa kelele. Tulifungua barabara pamoja, tukasafisha mashamba ya kahawa. Sikuona ubaya wowote katika kazi yangu.

Kisha tukapelekwa kwa Kondukta, Mzungu aliyesimamia ujenzi. Alitaka kartié mpya, yaani mtaa, ya nyumba za matofali, ya makarani na watu wa ofisi. Alituonyesha kilima, vigingi vimekwishapigwa.

"Pale hakuna muntu," alisema. "Iko pori tu."

Tulipopanda tulikuta migomba, maharage na moshi wa jikoni. Tulikuta miti ya mivumu imesimama kwa mzunguko. Kwetu, mtu akijenga, hupigilia fito za muvumu kuzunguka nyumba. Fito huota, zikawa lupango, yaani ua, lililo hai. Ukiona mivumu ya namna hiyo, umeona nyumba ya mtu. Kondukta alikuwa amekaa Masisi miaka mingi. Alijua vizuri sana!

Mama mmoja mjane akatoka, akajifuta mikono kwenye kitenge. Watu walimwita Mama Mapendo.

"Baba-mukwe wangu njo alipanda hii miti," alisema. "Bwana yangu tulimuzika hapa nyuma ya nyumba. Munataka niende wapi?"

Kapita aliangalia chini. Kondukta akajibu, "Atapewa mahali pengine. Mukate."

"Wapi, Bwana?" Bauma akauliza.

"Unaniuliza miye?"

Bauma akaweka msumeno chini. "Siwezi kuangusha lupango ya mama na yeye anaangalia."

Mimi nami nikaachia upande wangu. Tulichapwa kiboko wote wawili mbele ya wenzetu. Bauma, kwa sababu ndiye aliyesema, alifungwa pia gerezani. Mimi nilirudishwa kung'oa visiki, na wengine wakakata. Siwalaumu, kila mmoja aliona mgongo wangu.

Mama Mapendo aliomba kitu kimoja tu: mlango wa nyumba yake. Kapita akakubali. Nilimwona akishuka kilima amebeba mlango mgongoni, kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso, kama wanavyobeba kuni. Alikuwa anakwenda kwa ndugu zake Walikale. Hakuna mahali pengine alipopewa.

Nyumba zikasimama kwa mistari. Niliomba moja, nikaambiwa si za watu wa shoka. Mvua na upepo vilipoanza kupiga mabati, na wake za makarani wakalalamikia jua, Kondukta akatuita tena.

"Mupande miti mbele ya kila nyumba."

Miti! Tulipanda mikalitusi juu ya kilima kile kile, naye akatembea kati yetu akisema kartié itapendeza. Nilitaka kumtupia jembe. Nilipanda, nikatema mate.

Miaka ya mwisho ya kazi nilihamishiwa Walikale. Kabla sijapumzishwa nikamtafuta Mama Mapendo, nikamkuta anakaa nyuma ya nyumba ya shemeji yake, amezeeka. Alinipa ndizi, akangoja nile.

"Na kaburi?" akaniuliza.

Ningeweza kumdanganya. "Mama, wamejenga jiko juu yake."

"Nani anapika pale?"

"Karani mumoja na bibi yake."

"Wanajua?"

"Hapana, Mama."

"Basi wale hawana kosa," alisema, akaanza kulia.

Alifariki huko huko Walikale, na huko ndiko alikozikwa. Bauma sikumwona tena. Kondukta alirudi kwao na mizigo yake yote.

Sasa nimepumzika, nimerudi Bihambwe. Mikono yangu haishiki shoka tena, na sioni haya kwa kazi ya kukata miti. Watu wanahitaji nyumba, na nyumba inahitaji mahali. Lakini watu wa kartié ile wakinisikia wananiambia, "Papa, acha hasira, hayo iko mambo ya zamani. Hapa palikuwa pori." Wamefundishwa hivyo, nao wanawafundisha watoto wao. Nikiwa hai nitawajibu wote kwa sauti ile ile: bwana ya Mama Mapendo aliitwa Shamamba, na yuko chini ya jiko lenu.