Utepe Mweusi wa Orville Stegall

Orville Stegall alikuwa kinyozi wa mji wa Marlow, katika Ohio, hata mikono yake ilipoanza kutetemeka akaufunga mkasi wake kwa heshima, asije akamkata mteja sikio. Tangu hapo hakuwa na kazi nyingine ila kulilinda gari lake. Lilikuwa jekundu, la viti viwili, lenye paa la turubai ambalo hukunjwa nyuma ili dereva ale upepo. Orville mwenyewe hakuwahi kuula upepo huo. Paa likifunguliwa, mpira wake huuvuta utepe mweusi uliobandikwa kiwandani juu ya fremu ya kioo cha mbele. Basi, ili utepe usivutwe, paa halikufunguliwa. Gari lililoundwa kwa ajili ya jua likaishi gizani ndani ya gereji, limefunikwa shuka la pamba, kama mtoto mwenye surua.

Mgeni angedhani utepe huo ulikuwa wa dhahabu. Ulikuwa wa plastiki, upana wa vidole viwili, tena ulikuwa umebandikwa vibaya. Fundi fulani wa kiwandani, pengine Ijumaa jioni akili yake ikiwa imekwisha kutangulia nyumbani, aliupinda kidogo upande wa abiria, na miaka ilivyopita pembe ile ikainuka na kujikunja kama ganda la kitunguu. Lakini chama cha wenye magari hayo kilikuwa na daraja moja tukufu kupita yote, daraja la Magari Yasiyoguswa, na humo kasoro ya kiwanda ilihesabiwa kuwa ndio utakatifu wenyewe. Kitu kipya kilikuwa dhambi. Kila kiangazi, kwenye maonyesho ya chama, waamuzi walikuja na glavu nyeupe, wakainama mbele ya ile pembe iliyojikunja, wakanong'ona kama watu walio kanisani, na kombe likaenda kwa Orville.

Mkwewe Darrell hakuyajua haya, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumweleza. Darrell alikuwa fundi wa kubandika matangazo kwenye magari ya mafundi bomba na waoka mikate, kazi ambayo Orville aliiita "mambo ya stika," na aliiita hivyo hata Darrell akiwapo. Miaka yote ya ndoa yake kijana huyo alimwita baba mkwe "Bwana Stegall," na Bwana Stegall hakuona sababu ya kumsahihisha.

Ikafika Siku ya Akina Baba. Familia ilikula kuku wa kukaanga na saladi ya viazi, kisha Orville akasinzia kitini, gazeti kifuani. Darrell, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akiionea huruma ile pembe, akaingia gereji na vifaa vyake. Aliupasha moto utepe wa zamani kwa mashine ya kukaushia nywele ya mama mkwe, akaubandua, akasugua gundi, akanyunyiza maji ya sabuni, akabandika mpya. Ulinyooka kama uzi wa mwashi.

Orville alipoamka, binti yake Renee alimwongoza hadi gereji akiwa amemziba macho kwa viganja.

"Haya, baba, tazama!"

Orville akatazama.

"Vipi, Bwana Stegall?" aliuliza Darrell, akijifuta mikono kwenye suruali. "Ule wa kwanza ulikuwa unatia aibu bwana. Huu ni ule ule wa kiwanda, ila mpya kabisa. Nimeuagiza tangu Machi."

"Wa zamani uko wapi?"

"Ule? Ulikatikakatika wote. Nimeutupa."

Maxine, mkewe Orville, akamkanyaga mguu. "Sema asante, Orville."

"Asante," alisema Orville, kwa sauti ya mtu anayearifiwa kwamba mbwa wake amekufa bila maumivu.

Vijana walipoondoka, alimfuata mkewe jikoni. Sheria ya chama ilikuwa na mlango mmoja wa rehema: gari lililoharibiwa na mkono wa mwingine, awe mwizi au mtoto mrusha mawe, lilisamehewa na kubaki katika daraja lake, mradi mwenyewe atangaze mbele ya watu kwamba limeharibiwa bila ridhaa yake.

"Nitatangaza," alisema Orville. "Ni kweli tupu."

"Kweli gani? Kwamba mkweo ni mhalifu?"

"Kwamba sikuridhia."

"Darrell anakuja kwenye hayo maonyesho. Kanunua na shati. Wewe mwaibishe tu mbele ya watu, uone. Sikukuu ya Shukrani utakula bata mzinga na hilo gari lako."

Maonyesho yalifanyika kwenye uwanja wa majani nyuma ya kituo cha zimamoto. Mwamuzi mkuu, Bwana Haverkamp, daktari wa meno mstaafu, aliwasha tochi, akainama mahali pake pa kila mwaka, akaruka nyuma kana kwamba ameona meno ya bandia kinywani mwa mtoto mchanga.

"Orville! Nani kafanya hivi?"

Watu wakasogea. Haverkamp akamwinamia rafiki yake sikioni. "Sema neno tu, ndugu yangu. Uliharibiwa bila ridhaa yako, sivyo? Sema kwa sauti, wasikie, tuendelee."

Kombe lilikuwa mezani, kando ya jagi la maji ya limau. Orville akalitazama. Kisha akamtazama Darrell, ambaye ndani ya shati lake jipya alikuwa ndio kwanza anaelewa alichokibandua, na ameishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Haukuharibiwa," alisema Orville. "Kaubandika mkwe wangu. Kwa ridhaa yangu."

"Lakini ulikuwa umelala, Bwana Stegall," alinong'ona Darrell, maskini mkweli.

"Nyamaza wewe!"

Gari likahamishiwa daraja la Magari ya Kuendeshwa, kati ya magari yenye matope na manyoya ya mbwa. Huko sharti lilikuwa paa lifunguliwe. Orville akalegeza vishikio kwa kusitasita. Turubai likalalamika, likajikunja, na jua likaviangukia viti ambavyo havikuwahi kufahamiana nalo. Utepe haukutikisika. Haverkamp akapitisha kidole gumba juu yake, akatikisa kichwa.

"Napunguza alama. Umenyooka mno. Kiwandani hawanyooshi namna hii."

Hapo masikio ya Orville yakawa mekundu kama gari lake.

"Umenyooka mno? Haverkamp, wewe ulikuwa daktari wa meno. Mgonjwa gani ulimwambia jino lake limenyooka mno?"

"Sheria ni sheria, Orville."

"Basi leta rula! Leta rula hapa! Huyu kijana anabandika magari ya mji mzima, halafu wewe na kidole chako..."

Darrell akamvuta mkono. "Yaishe, mzee. Twende tukale soseji."

"Soseji zitangoja," alisema Orville, akamshika mwamuzi kiwiko, akamrudisha mwanzo wa utepe, upande wa dereva, ili waukague upya, polepole, hadi mwisho.