Mkono Mdomoni

Siku ile nilikuwa naanika muhogo. Jua lilikuwa kali tangu asubuhi, nami nilifurahi, maana muhogo wa juma lililotangulia ulinyeshewa ukanuka, na mume wangu Ezekieli alikuwa akinitania kila tulipokaa kula. Aliuita ugali wa kuzimu, kisha akaomba aongezwe. Alikuwa mwalimu wa kwaya, mrefu, mwenye maneno mengi. Mimi ni Muha wa Murungu, wilaya ya Kibondo. Niliolewa ng'ambo ya mpaka, kwa Warundi, na sikujiona mgeni huko, kwani lugha zetu zinaelewana na kanisani tuliimba nyimbo zile zile.

Ezekieli alikuwa na mchezo wake na binti yetu Neema, ambaye wakati huo alikuwa hajaanza shule. Akirudi nyumbani alisimama njiani akaita, "Bwana asifiwe!" Popote Neema alipokuwa, jikoni, migombani, au amejificha makusudi nyuma ya choo, alijibu, "Amina!" Baba yake akafuata sauti mpaka akampata. Kila alipokwisha kujibu, Neema alikaa ameinamisha kichwa upande wa njia, akisikiliza hatua za baba zikija. Mtoto yule ungeweza kumchapa akanyamaza, lakini salamu ile lazima aijibu. Ezekieli alijisifia hilo mbele ya wanakwaya, nao walicheka. Zakayo, jirani yetu aliyeimba besi, alicheka kuliko wote.

Ugomvi wa wakubwa ulianzia mjini. Tuliusikia redioni kwanza, kisha tukauona barabarani: vijana wenye fimbo, baadaye wenye mapanga na bunduki chache, wakiuliza nani yuko upande wa nani. Ezekieli alikataa kuandamana nao. Sidhani kama ulikuwa ushujaa. Aliwaambia tu kwamba siku waliyoipanga ni siku ya mazoezi ya kwaya. Kwa jibu hilo alihesabiwa kuwa adui.

Muhogo ulikuwa bado haujakauka jirani mmoja alipopita mbio akasema wanakuja. Tulikimbilia bondeni, kwenye mafunjo. Ezekieli alitulaza humo, mimi na Neema, akavuka kijito kutazama kama njia ya mpakani ilikuwa wazi. Alisema atarudi kutuchukua.

Wao walifika kabla yake.

Nilisikia miguu kwenye tope. Mtu mmoja alisema waingie wafyeke mafunjo. Mwingine akasema hakuna haja.

Huyo wa pili alikuwa Zakayo.

Akaita kwa sauti yake nzuri, taratibu, kama mtu anayepiga hodi. "Bwana asifiwe."

Neema alifungua mdomo.

Niliuziba kwa kiganja. Nilimnong'oneza kwa Kiha asijibu, asitoe neno hata moja, mpaka nitakapomwambia bagiye, yaani wameondoka. Aliitikia kwa kichwa. Kisha nikaona mkono wake mdogo umekuja juu ya wangu, unanisaidia kuziba.

"Bwana asifiwe," Zakayo aliita tena.

Ng'ambo ya kijito Ezekieli akajibu. "Amina."

Alijibu kwa nguvu, kwa sauti yake ya kufundishia. Miguu ikageuka, ikaenda kule.

Niliyoyasikia baada ya hapo siyasimulii. Yalichukua muda. Wenzake walipoondoka, Zakayo alibaki kidogo, nikamsikia akinawa kijitoni.

Nilimbeba Neema mgongoni tukaondoka. Sikumwambia kitu. Hatukumzika baba yake, na sijui ni nani aliyemzika, kama alizikwa.

Kule kwetu Murungu kaka yangu alitupokea kwa uji, na kabla hatujaumaliza alikuwa amekwisha kunieleza kuwa shamba la baba limegawanywa. "Wewe dada uliolewa hukohuko," alisema. "Wenzako wako kambini, wanapewa unga na mafuta. Hapa utakula nini?" Nilikuwa katika ua nilikozaliwa, na ndugu yangu ananielekeza nikawe mkimbizi. Nilimchukia siku ile na bado sijamaliza. Nikachukua mtoto nikaenda Kasulu, huko Kitanga, nikawa nalima vibarua kwenye mahindi na maharage ya watu.

Neema alikua mtoto wa kawaida. Alicheka, aligombana na wenzake kisimani, alisoma vizuri. Jambo moja tu lilikuwa limebadilika: mtu akisema "Bwana asifiwe", alijiziba mdomo kwa kiganja, akatulia hivyo mpaka maneno mengine yaingie. Na kanisani salamu hiyo husemwa na kila anayesimama, hata wa kutangaza kuku aliyepotea. Mimi nami sikuijibu. Sikuacha kusali; niliacha kusalimiana. Nikiwa shambani peke yangu nilimwambia Mungu maneno ambayo nisingethubutu kumwambia mkwe wangu, na sikumwomba radhi. Lakini kila asubuhi nilianza naye tena, kwa sababu sikuwa na mwingine wa kugombana naye.

Mama Dorika, kiongozi wa maombi, aliamua kwamba mtoto ana pepo bubu. Nilimweleza yaliyotokea bondeni. Alinisikiliza, akanipa pole, akasema ndiyo hasa, pepo ameingilia hapo. Jumapili moja, ibada ilipokwisha, wanawake wawili walimshika Neema mikono wakaipeleka nyuma ya mgongo, na Mama Dorika akamwinamia usoni akimpigia kelele ya salamu, tena na tena. Neema hakulia. Alipokosa mikono alibana midomo hadi ikatoka damu. Mama Dorika alipojaribu kuifungua kwa vidole, aling'atwa.

"Mnaona pepo anavyouma?" alisema.

"Mwachieni mikono yake," nikamwambia. "Huyo pepo, kama wewe ndiye ungemng'ata, angekufa."

Kwa maneno hayo nilitengwa na meza ya Bwana, na mtoto akatolewa ibadani, mpaka tutubu. Na kanisa hilohilo lilimhubiri Ezekieli. Alikuwa shahidi aliyejibu Amina mbele ya panga, na wazee walinitaka nisimame nishuhudie. Walimtaka marehemu, mwanawe walimtoa nje.

Sikusimama, kwa kuwa sijui kwa nini alijibu. Huenda aliona tunakaribia kupatikana akawavuta kwake. Huenda ilikuwa mazoea. Na liko la tatu ambalo huniumiza hadi leo: huenda alisikia sauti ya Zakayo, mwanakwaya wake, akadhani msaada umefika. Huenda alijibu kwa furaha.

Neema alipokuwa msichana mkubwa, amenifikia kimo, aliniambia anataka kubatizwa. Nilimwuliza kama anajua kitakachosemwa pale mtoni. Akasema anajua. Kanisa lilikuwa limepata mchungaji mgeni, kijana kutoka Singida, ambaye alinifungulia tena meza ya Bwana na kumrudisha Neema ibadani bila kutuuliza maswali. Hakujua habari zetu. Wazee hawakumwambia. Nafikiri walitaka kuona.

Siku ya ubatizo mchungaji alisimama majini, maji yakimfika kiunoni, akawapokea mmoja mmoja. Kila aliyeingia alisalimiwa, akajibu, akaulizwa imani yake, akazamishwa. Zamu ya Neema ikafika.

"Bwana asifiwe," mchungaji alimwambia.

Kiganja kikapanda mdomoni.

Alirudia salamu, kwa upole. Ukingoni Mama Dorika alianza kukemea pepo, na watu wakasogea ili waone vizuri. Niliingia mtoni na nguo zangu za kanisani. Nilishika mkono wa Neema lakini sikuuvuta. Alinitazama juu ya vidole vyake, macho yaleyale ya bondeni, akasema kwa sauti ya chini, kwa Kiha:

"Mama, bagiye?"

Nilikuwa nimemwambia anyamaze mpaka nimwambie. Sikuwa nimemwambia.

Zakayo, kama ninavyosikia, analima shamba letu, na besi anaiimba mpaka leo. Mama Dorika alikuwa hatua chache nyuma yangu, bado anakemea.

"Bagiye," nilimwambia.

Aliushusha mkono. Alisema Amina kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyeulizwa jina lake. Kisha akainamisha kichwa kidogo, upande wa njia, akisikiliza. Njiani hapakuwa na mtu.

Mchungaji alimzamisha. Alipoibuka akipenga maji, nami nilisema Amina yangu, ya kwanza tangu bondeni. Ilitoka imepinda, nje kabisa ya sauti. Ezekieli angenirudisha niiseme upya.