Lori Lililogonga Likiwa Limezimwa

Kilichonishtua kwanza kilikuwa mlio wa chuma, mdogo, kama kidole kilichokunjwa kikibisha mlango. Ulinyamaza, kisha ukarudi. Ulitoka chini ya lori la buluu ambalo mjomba wangu alitaka kulinunua, lililosimama uani kwake, kule Ikonge, asubuhi ya Jumapili yenye ukungu mzito. Dereva alikuwa ameshalizima na kuingia jikoni kunywa uji. Ndani ya lori hapakuwa na mtu, wala chini yake. Kuku, ambao kwa kawaida hukimbilia kivuli cha kitu chochote kilichosimama, walikuwa wameuhama upande ule wa ua.

Nyanya yangu, ambaye kwa Ekegusii tulimwita Magokoro, alinishika mkono.

"Usiitike," akaninong'oneza. "Hujaona nani anabisha."

Mjomba alicheka hadi akakohoa. "Mwana wa dada, masomo yote yale ya Kampala, na unaogopa lori lililolala?"

"Mjomba, linagonga."

"Linapiga hodi! Ni lori lenye adabu kuliko watu wengi wa mjini kwenu."

Mjini kwetu ni Kisii, ambako baba yangu, Mwislamu aliyetoka mbali, alikuwa na duka la vitambaa na kumwoa mama yangu wa hapa Ikonge. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimerudi na shahada, na juu yake mwaka wa masomo ya uzamili katika fizikia, nikaajiriwa ofisi ya ukaguzi wa magari pale boma. Siku yangu ya kwanza nilikwenda na kalamu mbili. Mkaguzi wa Magari, bosi wangu, mtu mrefu asiyependa maneno, alizitazama, akanipa nyundo ndogo na bwelasuti.

"Gari huanzia chini," alisema. "Lala."

Vijana wanaosoma haya wamezoea kuuliza cheti kabla ya kununua gari lililotumika. Sisi pia tuliuliza cheti, ila hatukuishia hapo. Cheti huandikwa kwa jina la namba, na namba ni kibati kilichofungwa kwa skrubu. Kwa hiyo ofisi yetu ilikuwa na desturi yake. Mkaguzi akimaliza kazi, alipiga alama kwa tindo, ile patasi ya kukatia chuma, kwenye chesisi yenyewe, yaani ule uti wa mgongo unaobeba gari zima. Mkato mmoja: limepita. Mikato miwili iliyopitana kama msalaba: limekataliwa, lisibebe tena mtu wala mzigo. Kabla ya alama tuligonga chesisi kwa nyundo kutoka mbele hadi nyuma na kusikiliza. Chuma kizima hulia na kuendelea kulia. Chuma kilichovunjika na kuchomelewa hujibu mara moja kwa sauti bubu, kama chungu chenye ufa. Na palikuwa na sheria moja ambayo Mkaguzi hakuilegeza hata siku moja: aliyelala chini ya gari ndiye anayesema, si mwingine.

Basi pale uani nilijaribu kufikiri kwa utaratibu. Magari yote hulialia yakipoa, kwa sababu chuma cha moto hujikunja. Lakini hulia mbele, kwenye injini, na kwenye bomba la moshi. Mlio huu ulitoka katikati, chini ya bodi, mahali pasipo na kitu cha moto. Ningeweza kusema kwamba sauti ilihama kwa mwangwi wa ukungu. Ningeweza kusema nimechoka. Niliyasema yote mawili moyoni, kisha nikaazima spana ya dereva na kulala kwenye nyasi zenye umande.

Chini ya lori palikuwa na baridi isiyolingana na ile ya nje. Nilipogonga mbele, chuma kililia vizuri. Nilipofika katikati, kilikata sauti ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo. Na nilipoacha kugonga, nikiwa nimeshusha mkono kabisa, kikagonga chenyewe. Mara moja. Karibu na uso wangu.

Nilikwangua rangi mbichi ya buluu kwa ncha ya spana. Mkato mmoja ukajitokeza, halafu wa pili, umepitana na wa kwanza.

"Umepata mashetani wangapi huko?" Mjomba akaniita.

Nilitoka nikiwa na matope mgongoni. Nilimwambia hilo lori lisinunuliwe bado. Alinijibu kwa upole, na upole wake ulinitia hofu zaidi, kwamba mwenye lori ameonyesha cheti safi, kwamba siku ya pili yake wazee wangekutana soko la Nyamira kushuhudia mapatano, na papo hapo watu wa arusi wangepanda lori hilo kuteremka hadi Nyamarambe kumchukua bibi arusi wa mwanawe. "Utanivunjia heshima kwa sababu ya mikwaruzo?"

Jumatatu asubuhi niliwahi ofisini. Nakala ya cheti kwenye faili ilikuwa safi kweli. Usiku kucha nilikuwa nimejiuliza kama mikato ile haikuwa alama ya jiwe, au ya mnyororo, au ya macho yangu.

"Uliona, au uligusa?" Mkaguzi aliuliza.

"Vyote viwili."

"Na sauti?"

"Bubu, katikati."

Alifunga faili. "Kuna moja nililikataa baada ya kutolewa mtoni Gucha na watu waliokuwa ndani yake. Lilipaswa kukatwakatwa. Inawezekana mtu ameunga nusu yake na nusu ya jingine."

"Basi tafadhali bwana, wapigie Nyamira simu."

"Mimi? Mimi sijalala chini ya lori hilo."

Baadaye nilihamishiwa Nyamira, chini ya Afisa wa Tarafa aliyependa kukagua magari kwa darubini ya macho yake mwenyewe akiwa kitini, kisha Kisumu, chini ya Mkaguzi Mkuu aliyetaka kila kitu kwa nakala tatu. Nimestaafu sasa. Watu huja kuniuliza gari lipi zuri, nami sijui kuwajibu. Najua tu kwamba chuma hakisahau kilichokipata, na kwamba anayekinunua hukinunua pamoja na hayo. Bado siwezi kukaa karibu na gari lililozimwa muda huo huo. Na bado, nikiulizwa kazi yangu ilianza lini hasa, sitaji siku ya nyundo.

Jumatatu ile nilizungusha mkono wa simu. Opereta aliniunganisha na ofisi ya tarafa, Nyamira, na karani wa huko akatoka kumwita mjomba sokoni. Nilingoja, nikisikia upepo kwenye waya.

"Nani?" Sauti ya mjomba, ikihema.

"Ni mimi. Hilo lori limekataliwa, Mjomba."

"Limekataliwa na nani?"

"Na mimi. Nimelala chini yake."

Hakucheka. Nyuma yake wanawake walikuwa wakiimba nyimbo za arusi.

"Watu wameshapanda," alisema. "Magokoro amekaa mbele."

"Mteremshe yeye kwanza," nikasema. "Nitangoja kwenye simu."